Jinsi ya Kupanga Safari ya Kupiga Mbizi Katika Visiwa vya Tropiki Vyenye Mikondo Mikali

Visiwa ambavyo wazamiaji huvitamani kuliko vingine, kama vile Komodo na Raja Ampat nchini Indonesia, Palau katika Pasifiki, Maldivi, visiwa vya Tuamotu huko Polinesia ya Ufaransa na Galápagos ya Ekwado, vinafanana kwa jambo moja: maji yake hayatulii. Hiyo si kasoro ya mahali. Mkondo ndio unaobeba chakula, ndio unaoinua maji baridi yenye rutuba kutoka vilindini, na ndio unaowafanya papa, taa wakubwa na makundi ya samaki wakusanyike kwenye pembe za miamba. Anayetaka kuwaona hana budi kuingia pale pale maji yanapokimbia.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya usalama wa safari ya namna hii huamuliwa miezi kadhaa kabla ya mtu kulowana, pale anapochagua wiki ya kwenda, boti ya kupanda na watu wa kuwafuata. Utaratibu ninaoushauri ni kuanza na maji, yaani msimu na mwezi, kisha kujipima wewe mwenyewe, kisha kutafuta boti, na tiketi ya ndege iwe ya mwisho kununuliwa. Wengi huupindua utaratibu huo: hununua tiketi kwa sababu wameipata kwa bei nafuu, halafu hugundua wakiwa tayari wamevaa mitungi kwamba wamefika katika siku za bamvua kubwa, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida.

Ijue chemchemi ya mkondo wa mahali unapokwenda

Mikondo haina asili moja, na namna ya kupanga safari hutegemea asili hiyo. Nchini Indonesia, usawa wa bahari upande wa Pasifiki uko juu kidogo kuliko upande wa Bahari ya Hindi, kwa hiyo maji husukumwa kuelekea kusini kupitia milango myembamba iliyo kati ya visiwa, na juu ya msukumo huo wa kudumu huongezeka kujaa na kupwa kwa kila siku. Ndiyo maana katika visiwa vya Komodo mkondo unaweza kubadilika kwa muda mfupi sana kutoka utulivu hadi mbio ambazo hakuna mzamiaji anayeweza kushindana nazo. Tena sehemu ya kusini ya visiwa hivyo hupokea maji baridi yanayopanda kutoka Bahari ya Hindi katikati ya mwaka, ilhali sehemu ya kaskazini hubaki na joto. Safari ya siku chache inaweza kukupitisha katika bahari mbili zisizofanana hata kidogo.

Galápagos kuna habari nyingine. Mkondo baridi wa Humboldt hutoka kusini, na mkondo wa Cromwell husafiri chini ya uso wa bahari kutoka magharibi kwenda mashariki kandokando ya ikweta, ukagonga visiwa na kupanda juu. Papa nyangumi hupatikana zaidi karibu na visiwa vya Darwin na Wolf kati ya Juni na Novemba, na huo ndio msimu wa maji baridi na mawimbi makubwa zaidi. Anayetaka bahari tulivu na yenye joto aende miezi ya mwanzo wa mwaka, akikubali kwamba nafasi ya kuwaona wanyama hao itakuwa ndogo. Ni lazima kuchagua, kwa kuwa msimu mmoja hautoi vyote viwili.

Maldivi inatawaliwa na pepo za msimu. Katika miezi ya pepo za kaskazini mashariki, takriban Januari hadi Aprili, mkondo kwa jumla huelekea magharibi: maji safi ya bahari kuu huingia katika visiwa vya duara kupitia milango ya mashariki, na papa hukaa midomoni mwa milango hiyo, wakati upande wa magharibi maji hutoka yakiwa yamejaa viumbe vidogo vinavyowavuta taa wakubwa. Pepo zinapogeuka, kuanzia Mei, hali nayo hugeuka. Swali la kuuliza, basi, ni upande gani wa visiwa boti itakuwa katika mwezi utakaokwenda, na kama mwenye boti hana jibu la wazi kuhusu jambo hilo, hiyo ni sababu ya kutosha ya kutafuta mwingine.

Huko Tuamotu, ziwa kubwa la maji ya bahari lililo ndani ya kisiwa cha duara huungana na bahari kwa mlango mmoja au michache tu, kama Tiputa katika Rangiroa na Tumakohua katika Fakarava ya kusini. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo hupita hapo, yakiingia na yakitoka. Viongozi wa mbizi hupendelea saa za maji kuingia, kwa sababu mbili zinazofaa kukumbukwa popote penye mlango wa bahari: maji yanayoingia ni maangavu, na anayechukuliwa na mkondo huo hupelekwa ndani ya ziwa hilo, si kwenye bahari kuu.

Soma mwezi kabla ya kununua tiketi

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huwa kubwa na mikondo ya milangoni huwa na nguvu nyingi. Kilele chake kwa kawaida huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Katika siku za nusu mwezi huwa kuna maji mafu, na mikondo hupungua. Bamvua zilizo karibu na mwezi Machi na Septemba, wakati usiku na mchana unapolingana, aghalabu huwa kubwa kuliko za miezi mingine. Mambo haya yanajulikana miaka mingi kabla, kwa hiyo hakuna udhuru wa kutoyatazama katika kalenda.

Katika sehemu nyingi za tropiki maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kujaa kunakofuata hupita kama saa 12 na dakika 25. Matokeo yake ni kwamba saa ya maji kusimama husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na mbizi iliyofaa saa tatu asubuhi siku ya kwanza haitafaa saa hiyo hiyo siku ya nne. Ndani ya saa sita za kujaa au kupwa, maji hayaendi kwa kasi moja: katika saa ya kwanza husogea sehemu moja kati ya 12 ya kimo chote, saa ya pili sehemu mbili, saa ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, kisha mbili, kisha moja. Saa mbili za katikati, kwa hiyo, hubeba nusu ya maji yote, na ndizo za kuziepuka mahali ambapo mkondo ni hatari. Hesabu hii ni ya makadirio, na ina kasoro moja kubwa. Jedwali la maji hueleza kimo, si mwendo. Katika milango myembamba mkondo unaweza kuendelea kukimbia muda mrefu baada ya maji kufikia kilele chake. Kwa hiyo jedwali likusaidie kuchagua wiki, na saa yenyewe waachie wanaoujua mlango huo.

Kwa safari ya kwanza katika visiwa vya aina hii, ningemshauri mtu apange siku zake za kati ziangukie nusu mwezi. Aliyezoea anaweza kusogea karibu na mwezi mpevu, kwa kuwa mkondo ukizidi na samaki huzidi. Pia kuna matukio ambayo yenyewe huamua tarehe: chewa wanaokusanyika kuzaliana katika mlango wa kusini wa Fakarava hufanya hivyo karibu na mwezi mpevu wa Juni au Julai, na anayetaka kuliona tukio hilo hana njia ya kukwepa bamvua. Huyo afanye mazoezi zaidi kabla ya kuondoka.

Jipime kwa hesabu, si kwa ujasiri

Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852, au karibu mita 31 kwa dakika. Mzamiaji aliyevaa vifaa kamili huweza kuogelea dhidi ya mkondo wa kasi hiyo kwa muda mfupi tu kabla ya kuishiwa nguvu. Ukumbuke pia kwamba mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inayokusukuma haiongezeki mara mbili bali mara nne. Mikondo ya noti mbili au tatu si jambo la ajabu katika visiwa nilivyovitaja. Hakuna misuli inayoshinda maji hayo, na ndiyo sababu mbizi za huko ni za kwenda na mkondo na kujificha nyuma ya miamba.

Jambo la pili ni hewa. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo): una lita 2,400 za hewa. Ukitenga baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mzamiaji mtulivu anayetumia lita 15 kwa dakika juu ya maji atatumia lita 45 akiwa mita 20, ambapo mgandamizo ni mara tatu, na hewa yake itamtosha dakika 40. Mzamiaji huyo huyo akianza kupambana na mkondo na pumzi zake zikaongezeka maradufu, dakika hizo 40 zinakuwa 20. Tena anayehema kwa nguvu kilindini hukusanya hewa chafu mwilini, na hewa hiyo huleta hofu, nayo hofu huzidisha kuhema. Ajali nyingi za mikondoni huanzia katika duara hilo, kwa hiyo anayehisi pumzi zinampanda asimame nyuma ya mwamba na kutulia kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Cheti cha ngazi ya kwanza kwa kawaida humruhusu mtu kufika mita 18, na ngazi inayofuata mita 30. Waendeshaji wengi wa safari za Galápagos na Komodo hutaka zaidi ya cheti; mara nyingi huomba uthibitisho wa mbizi 50 au zaidi, na hata wasipoomba, mimi naona ni kiwango cha busara. Lakini idadi peke yake haitoshi. Mbizi nyingi katika ghuba tulivu hazimfundishi mtu kushuka haraka. Kabla ya safari, fanya mazoezi ya mambo manne hadi yawe mepesi: kuingia majini ukiwa umetoa hewa yote katika jaketi la kuelea na kuzama moja kwa moja bila kusubiri juu, kukaa mahali pamoja katikati ya maji bila kushika chochote, kusimama mita 5 kwa dakika tatu mahali pasipo na mwamba wala kamba ya kutazama, na kurusha boya la ishara kutoka chini bila kujikuta unapanda nalo. Ikiwa unaweza kupata mwalimu wa kukusimamia katika mbizi kadhaa za mkondo wa wastani, gharama yake ina faida kuliko lenzi mpya ya kamera.

Boti na watu wake

Kati ya maamuzi yote, hili ndilo ninalolipa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mkondo ukikuchukua, kinachokurudisha nyumbani ni macho ya nahodha. Kuna sehemu, kama Darwin na Wolf, ambazo hufikiwa tu kwa meli ambayo wageni hulala humo kwa siku kadhaa. Kwingineko unaweza kukaa nchi kavu na kutoka kila asubuhi. Meli hukupa nafasi ya kufika mahali kwa saa sahihi ya maji, ilhali kukaa nchi kavu hukupa nafasi ya kupumzika siku isiyofaa bila kupoteza safari nzima. Anayeugua kichefuchefu cha bahari azingatie hilo pia.

Kabla ya kulipa, andika barua na uulize. Kiongozi mmoja huongoza wazamiaji wangapi? Wanne ni idadi nzuri penye mkondo, na nane ni wengi mno. Je, kuna mtu anayeingia majini kuupima mkondo kabla ya wageni, au kikundi huangushwa kwa kukisia? Boti ndogo hufuata mapovu wakati wote, au hutia nanga na kungoja mahali pamoja? Ipo oksijeni ya dharura ya kutosha hadi kufika hospitali, na ni nani aliyefunzwa kuitumia? Wazamiaji huhesabiwaje wanaporudi? Kila kikundi kina boya na taa? Na ukiamua asubuhi kwamba mbizi fulani haikufai, utaruhusiwa kubaki juu bila maneno? Jibu la swali hili la mwisho hueleza mengi kuhusu tabia ya wenye boti. Wanaojibu kwa kina, wakitaja majina ya miamba na saa za maji, ndio wa kuwaamini; wanaojibu kwamba hakuna shida yoyote hawajakujibu.

Angalia pia masharti ya kurudishiwa fedha. Boti nzuri hubadilisha mpango mara kwa mara kwa sababu ya bahari, na wewe uende ukiwa umekubali kwamba mwamba maarufu ulioota kuuona unaweza kuachwa.

Vifaa

Kifaa cha kwanza ni boya la ishara, la kila mtu na si la kikundi, lenye rangi ya machungwa au njano, lenye urefu wa karibu mita mbili, pamoja na kigurudumu cha kamba. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hupotea machoni katika umbali mdogo sana, na katika mkondo wa noti mbili mtu husogea karibu mita 62 kwa dakika, yaani kilomita moja na zaidi ya robo tatu kwa nusu saa. Mwezi Juni 2008, wazamiaji watano katika eneo la Komodo waliibuka mbali na boti yao, wakachukuliwa na bahari kwa saa nyingi hadi walipofika ufuo wa kisiwa cha Rinca, na walipatikana wakiwa hai baada ya kama siku mbili. Kisa hicho kinatosha kueleza kwa nini boya peke yake si mwisho: ongeza filimbi, kioo kidogo cha kurudisha mwanga wa jua, na taa hata kwa mbizi za mchana. Kwa visiwa vya mbali, nunua au kodi kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti, kilichofungwa ndani ya kasha linalostahimili mgandamizo wa kina, na ukisajili kabla ya kuondoka.

Kulabu ya mwamba, ambayo imezoeleka sana Palau katika eneo la Blue Corner, humwezesha mzamiaji kujishikiza ukingoni na kutazama papa bila kupiga mapezi. Ina adabu zake. Ishikize kwenye mwamba mtupu usio na uhai, kamwe si kwenye matumbawe. Funga kamba yake mbele ya jaketi mahali unapoweza kuifungua kwa mkono mmoja. Tia hewa kidogo ili uelee juu ya mwamba. Na kabla ya kujiachia, toa hewa hiyo kwanza, la sivyo utapanda juu ghafla. Kama hujawahi kuitumia, mwombe kiongozi akuoneshe siku ya kwanza mahali penye mkondo mdogo.

Mengineyo ni mafupi. Chukua suti nene kuliko unavyofikiri, kwa kuwa hata kwenye ikweta maji yanayopanda kutoka vilindini yanaweza kushuka chini ya nyuzi 22. Glavu, pale zinaporuhusiwa. Mapezi magumu uliyoyazoea. Na kompyuta yako mwenyewe ya kuzamia yenye betri mpya. Vifaa vilivyopangwa kuning'inia huku na huku vifunge vikae karibu na mwili, kwa sababu kila kitu kinachopepea huongeza msukumo wa maji. Kamera kubwa iache mbizi za kwanza.

Makubaliano ya kabla ya kuingia majini

Kubaliana na mwenzako, kwa maneno na si kwa kudhania, juu ya kina cha mwisho, kiasi cha hewa cha kuanza kurudi, na jambo la kufanya mkitengana. Desturi ni kutafutana kwa dakika moja, kisha kila mmoja apande taratibu, kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, akirusha boya lake na kukutana na mwenzake juu. Penye mikondo mikali ningeanza kupanda nikiwa na baa 70 badala ya kungoja 50, kwa sababu muda wa kuelea katikati ya maji huwa mrefu kuliko ilivyopangwa.

Jifunze pia kutambua mkondo unaoshuka. Samaki walioelekeza vichwa juu, mapovu yanayozunguka au kushuka badala ya kupanda, na tarakimu za kina zinazoongezeka bila wewe kupiga mapezi ni dalili zake. Ukiwa karibu na mwamba unaoweza kushikika, shika na upande kwa mikono kwa utulivu. Ukishindwa, usipigane nao kwa kuogelea wima. Ogelea kwa upande, mbali na ukuta wa mwamba, kwa kuwa mkondo huo mara nyingi ni mwembamba, na uongeze hewa katika jaketi huku kidole kikiwa tayari kuitoa mara tu unapoachiliwa.

Afya, bima na siku ya kurudi

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi uzamiaji, au huweka mpaka wa kina. Tafuta bima inayolipia chemba ya mgandamizo, yaani chumba maalumu cha kuwatibu wazamiaji waliodhurika kwa kupanda, na usafirishaji wa dharura kwa ndege, na uulize mwendeshaji chemba iliyo karibu iko wapi na inachukua saa ngapi kufika. Jibu likiwa ni siku nzima au zaidi, punguza kina na idadi ya mbizi za kila siku ipasavyo. Nambari ya simu ya dharura ya bima na jina la dawa unazotumia viandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa nahodha siku ya kwanza.

Kuhusu ndege, mapendekezo ya Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza mgandamizo (yaani kusimama kwa lazima njiani wakati wa kupanda), na angalau saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa. Safari ya visiwani huwa ya siku kadhaa, na ndege ndogo za kati ya visiwa nazo zinahesabiwa, kwa hiyo tenga saa 24 kamili na uziandike kwenye ratiba kabla ya kuchagua tarehe ya tiketi ya kurudi. Ukishazitoa siku hiyo ya kupumzika na siku ya kwanza ya mbizi rahisi za kujipima, tazama tena kalenda ya mwezi: siku zilizobaki katikati ndizo zinazopaswa kuangukia maji uliyoyachagua, na kama haziangukii, sogeza safari kwa wiki moja.